Mmefuta, Lakini Tulishasoma

Saa tatu asubuhi mmetangaza kwamba msanii fulani amefariki. Saa nne familia imekanusha. Saa tano tukifungua habari ileile tunaambiwa ukurasa haupatikani, na mambo yameishia hapo: hakuna radhi, hakuna maelezo, hakuna mhariri anayejitokeza. Hivyo ndivyo vyombo vingi vya habari vya mtandaoni hapa kwetu vinavyosahihisha makosa, na wenyewe wanaona wamefanya kazi.

Huko ni kukimbia. Gazeti la karatasi halikuwa na pa kukimbilia. Nakala zikishatoka mtamboni zimetoka, na kesho yake mhariri alilazimika kukiri kwamba jana tulikosea, hata kama ni kwa herufi za kutafutiwa miwani kule ukurasa wa ndani. Nyinyi mmepewa kitufe cha kufuta mkadhani mmepewa msamaha. Habari imeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, na picha ya skrini haipokei amri ya mhariri. Shangazi aliyeisoma saa tatu bado anatuma rambirambi. Na fedha za matangazo zilizoletwa na uongo ule, hizo mbona hamzifuti?

Mkibanwa sana mnaandika: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu! Kana kwamba umeme ulikatika. Mmemwita mtu mwizi na kuweka picha ya mwingine kabisa. Huyo hakusumbuliwa, amechafuliwa. Semeni mliandika nini, ukweli ni upi, na mmebadilisha lini. Yawekeni hayo juu ya habari yenyewe, si chini kabisa baada ya matangazo ya kubeti. Na kama uongo mliusambaza Facebook na kwa arifa za simu, ukweli nao upite njia hizohizo.

Msiniambie haiwezekani. Novemba 2020, Radio France Internationale, ambayo ina idhaa ya Kiswahili, ilichapisha kwenye tovuti yake tanzia za watu wapatao 100 waliokuwa hai wakati huo, wakiwamo Malkia Elizabeth na Pelé. Zilikuwa zimeandikwa zikawekwa akiba, zikachomoka wakati radio inahamia mfumo mpya wa kuchapishia. Aibu iliyoje! Lakini walijitokeza, wakaeleza ilivyotokea, wakaomba radhi. Machi 2014 New York Times ilisahihisha habari yake ya Januari 1853 kuhusu Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani, kwa sababu jina lake lilikuwa limekosewa. Miaka 161 ilikuwa imepita, na mwenyewe alishakufa zamani. Kwetu mtu yu hai, ana simu, ana wakili, anapiga chumba cha habari wiki nzima anaambiwa mhusika yuko kwenye kikao.

Kanuni zipo. Nchini Kenya, maadili ya uandishi yaliyowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Habari ya 2013 yanataka habari iliyobainika kuwa na kosa isahihishwe mara moja. Tanzania nayo ina Baraza la Habari linalopokea malalamiko ya wasomaji. Tena wahariri wetu wanajua sana kuharakisha: mkubwa akinung'unika, habari inabadilishwa kabla chai haijapoa. Anayesubirishwa ni mama lishe aliyeandikwa vibaya.

Najua mtasema ushindani ni mkali, mwenzenu akitangulia mmekwisha. Basi tangulieni na kusahihisha pia.

Nawe msomaji, ukikuta habari imebadilishwa kimyakimya, hifadhi nakala uliyonayo, waandikie wahariri, na wakikunyamazia peleka malalamiko barazani. Chombo ambacho hakijawahi kukiri kosa hata moja, usikiamini hata kinapokutajia matokeo ya mpira.