Tusilipie Picha ya Sokomutu Aliyefungwa Kamba

Mtoto wa sokomutu akiletwa mjini, huja na sentensi yake. Ukimwuliza mwenye kushika kamba alimtoa wapi, atakujibu: «Alipatikanaka mu pori.» Kisha atataja bei ya picha.

Sisi tunaosoma isimu tungekuwa wa kwanza kuisimamisha sentensi hiyo. Angesema «alikamatwa», tungeweza kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa humficha mtenda, lakini humwachia mlango wa kurudi kwa neno «na». Kauli ya kutendeka haimwachii hata huo mlango. «Alipatikana», kama vile embe linavyopatikana chini ya mti. Hakuna aliyefanya lolote.

Ukweli ni kwamba yupo aliyefanya. Mtoto wa sokomutu hunyonya mpaka miaka minne au mitano hivi, na katika miezi ya kwanza hutembea akiwa ameng'ang'ania mwili wa mama yake. Mama huyo hamwachii mtu. Ili mtoto afike mjini, kwa kawaida mama ameuawa kwanza, na mara nyingi wameuawa pia wenzake waliojaribu kumtetea. Jike huzaa mara moja tu katika miaka mitano au sita hivi, kwa hiyo pengo hilo halizibwi haraka.

Habari hii ni ya zamani kwetu. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Manyema, katika nchi ambayo leo ni jimbo jirani la Maniema. Katika shajara zake, zilizochapishwa 1874, anaeleza kwamba alizawadiwa mtoto wa kike wa «soko», aliyekamatwa wakati mama yake alipouawa. Mtoto huyo alikuwa akinyoosha mkono ili abebwe, na akikataliwa alilia. Livingstone hakuondoka naye, ila alihofu kwamba atakufa kwa kusumbuliwa na watu. Wakati huo hapakuwa na simu yenye kamera, lakini usumbufu ulikuwa huohuo.

Kosa jingine ni la kusoma alama. Katika picha nyingi za namna hii mnyama anaonyesha meno, nasi tunaandika chini yake kwamba anacheka. Kwa sokomutu, kuvuta midomo nyuma na kuonyesha meno yote yaliyobanwa ni ishara ya woga. Mgeni analipia hofu, anapeleka furaha kwa rafiki zake, na rafiki naye anatamani picha kama hiyo.

Wengine watasema Kalemie haina watalii wa kutosha kwa mjadala huu. Lakini wanaolipa si watalii peke yao. Wamo wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara wanaotoka Lubumbashi, hata sisi wanafunzi. Na sokomutu hawako mbali: wanaishi katika milima ya Kabobo, kaskazini mwa mji wetu, iliyofanywa hifadhi mwaka 2016.

Wengine watataja picha ya Virunga ya mwaka 2019, ile ya walinzi na masokwe wawili waliosimama kama watu, iliyozunguka dunia nzima. Masokwe wale walikuwa yatima wa ujangili. Mmoja wao, Ndakasi, aliokolewa mwaka 2007 akiwa bado anamshikilia mama yake aliyeuawa. Walinzi waliwalea, hawakuwakodisha. Hata hivyo, picha ikishatoka haibebi maelezo yake. Ndiyo maana miongozo ya IUCN ya mwaka 2021 inashauri hata wahifadhi wasionyeshe picha za watu wakiwa karibu mno na nyani na sokwe.

Hoja ngumu zaidi ni ya tumbo: mwenye kamba ana watoto wa kulisha. Ni kweli. Lakini sokomutu hawi mtoto daima. Akipata nguvu ataanza kuuma, na hapo picha zitahitaji mtoto mwingine, yaani mama mwingine auawe. Mwenye kutaka kumsaidia baba huyo anunue ndakala zake, au akodi mtumbwi wake.

Na tusimnunue mnyama kwa huruma pia, maana mwuzaji haulizi nia ya fedha. Sheria ya 2014 ya kuhifadhi mazingira asilia inatoa njia nyingine: kutoa habari kwa ICCN, mnyama atwaliwe na serikali. Kituo cha J.A.C.K. cha Lubumbashi, kilichoanzishwa 2006, kimebeba njia hiyo ndani ya jina lake: Jeunes Animaux Confisqués au Katanga. Wanyama waliotwaliwa, si walionunuliwa.

Wasemaji wetu waliomwita sokomutu walitia neno «mtu» ndani ya jina lake. Basi swali la kumwuliza mwenye kamba, kabla ya kutoa simu mfukoni, ni lile tungeuliza kwa mtoto yeyote anayeuzwa sokoni, tena kwa kauli ya kutenda: nani alimwua mama yake?