Kabla hujanunua krediti za kaboni, piga hesabu ya shamba lako

Tangu msimu uanze, swali linaloingia sana kwenye simu yangu si la bei wala la ukungu. Ni hili: "Afisa, kuna jamaa anatuuzia krediti za kaboni ili shamba lihesabike halichafui hewa. Tununue?" Wengine wameshatumiwa ankara kabisa. Wapo walioahidiwa na kibandiko cha kijani cha kuweka kwenye kila katoni ya Hass inayokwenda Ulaya.

Jibu langu fupi: bado. Jibu refu ndilo hili.

Wengi wanachanganya jambo hili na ile biashara ambayo vijiji vinauza kaboni ya misitu yao. Ni soko hilohilo, ila hapa wewe umekaa upande wa mnunuzi. Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo mtu mahali fulani anasema ameizuia isiende angani, au ameiondoa. Wewe unamlipa ili ile tani uliyoitoa kwa dizeli na mbolea iwe imefidiwa. Huletewi gunia, huletewi chochote. Unanunua maneno ya mtu pamoja na namba kwenye rejista, basi.

Na maneno yanaweza kutiwa chumvi. Mradi wa msitu unalipwa kwa miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwepo. Nani anajua ingekatwa mingapi? Inakadiriwa. Anayekadiria juu anapata krediti nyingi za kuuza. Mradi wa Kariba kule Zimbabwe ulikuwa miongoni mwa mikubwa duniani, na kampuni kubwa za Ulaya zilinunua kwake. Baadaye ikaonekana makadirio ya ukataji yalikuwa juu mno kuliko kilichotokea kweli, na Oktoba 2023 kampuni ya South Pole iliyokuwa ikiuza krediti zake ikajitoa. Sasa fikiria umeshatangaza kwa wateja wako kwamba shamba limefidiwa kwa krediti za namna hiyo.

Majiko banifu nayo ni hivyohivyo. Jiko zuri linaokoa kuni, hilo sina ubishi nalo, nyumbani kwangu lipo. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko, wakakuta kwa ile waliyoipima krediti zilizotolewa zilikuwa karibu mara tisa ya zilizostahili. Sababu moja ni ya kawaida sana: mradi unahesabu kana kwamba mama kaacha mafiga moja kwa moja, kumbe anatumia vyote viwili.

Kwa hiyo muuzaji akikufuata, mkalishe umuulize. La kwanza kwangu mimi ni hili: bila hela ya krediti, jambo hili lisingefanyika? Kama ni msitu ambao hakuna mtu aliyekuwa na mpango nao, au mtambo wa umeme ambao ungejengwa tu kwa kuwa unalipa wenyewe, hujafidia kitu. Muulize pia: msitu ukiungua miaka kumi ijayo, nani anabeba hasara? Miradi ya maana huweka pembeni sehemu ya krediti zake bila kuziuza, kama akiba ya janga. Na wakataji waliofukuzwa hapa, hawajahamia msitu wa jirani?

Halafu namba. Kila krediti ya kweli ina namba yake kwenye rejista iliyo wazi mtandaoni, iwe ya Verra, Gold Standard au Plan Vivo. Ukinunua ili ufidie, krediti inatakiwa ifungwe kwenye rejista hiyo kwa jina lako isiuzwe tena. Muuzaji anayekupa cheti chenye muhuri mzuri lakini hana namba, mpe maji ya kunywa umsindikize. Na msichukulie nembo ya Verra au nyingine kama kinga. Kariba ulikuwa umesajiliwa Verra. Nembo inakupa mahali pa kuanzia kuuliza, haikuondolei kazi ya kuuliza.

Mimi ningependa mtu anunue mradi anaoweza kwenda kuuona. Tunayo. Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe wanalinda ardhi yao. Milima ya Ntakata kule Katavi, vijiji vya wilaya ya Tanganyika vimepata hela za zahanati na shule. Jirani zetu Kenya wana Mikoko Pamoja, ghuba ya Gazi, Kwale: hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Mradi mdogo, lakini ukifika utaionyeshwa mikoko na utaambiwa hela ilikwenda wapi. Sisemi kila tani yao ni safi asilimia mia. Nasema unaweza kupanda basi ukawauliza wanakijiji, tofauti na mradi wa bara jingine unaouziwa kwa picha. Kwa miradi ya hapa nchini, waulize pia kituo cha taifa kinachofuatilia kaboni, NCMC, kipo SUA Morogoro. Tuna kanuni za biashara hii tangu 2022, kwa hiyo mradi unaodai uko Tanzania na haujulikani huko, achana nao.

Sasa kile kibandiko, maana hapa ndipo mtu anaweza kupoteza soko. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo namba 2024/825, na tarehe yake ya kuanza kutumika ni 27 Septemba 2026. Linakataza kumwambia mlaji kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa sababu tu umenunua krediti. Yaani kitu chenyewe mnachouziwa, kibandiko, ndicho mnunuzi wenu wa Ulaya hataruhusiwa kukiweka sokoni. Nimeshangaa kuona wauzaji wanaendelea kukipigia debe.

Ndiyo maana nasema anza shambani. Lita moja ya dizeli inatoa kama kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo pampu inayokula lita 1,000 kwa msimu ni tani 2.7. Mbolea ndiyo inayowashangaza vijana. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kipimo cha kawaida, asilimia moja ya naitrojeni hiyo hupotea kama naitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu ya kupasha joto mara 270 hivi ya hewa ukaa. Piga hesabu: mfuko mmoja, karibu kilo 100. Mifuko kumi, tani moja, na hapo hatujagusa uchafuzi wa kiwandani.

Wengi wenu mnaweka yurea kwa mazoea, yote kwa mkupuo, na mvua inakuja kuichukua. Pima udongo, Uyole wanapima. Gawa mbolea kwa awamu, ifukie, tumia samadi na mikunde. Ukiokoa mifuko kumi bila mavuno kushuka, umepunguza tani ambayo hakuna mtafiti wa Berkeley atakayeibishia, na hela ya mifuko kumi unayo.

Kitakachobaki baada ya hapo, kama dizeli usiyoweza kuiacha mwaka huu, fidia ukitaka. Mwandikie mnunuzi wako hivi: tumepunguza kiasi hiki, tumechangia mradi huu, namba za krediti ni hizi. Usiandike kwamba shamba halina kaboni.

Mwenye ankara mkononi asilipe wiki hii. Nitumie picha ya ukurasa wenye namba za krediti, Alhamisi nikiwa ofisini tutazitafuta kwenye rejista pamoja. Kama ukurasa huo haupo, usinitumie, jibu umeshapata.