Mashine ikipigwa hendeli, mtoto asimame wapi?

Mtoto wa darasa la nne anatumwa mashineni na nusu debe la mahindi. Akifika anakuta injini imezima na wenzake wamejazana mlangoni, kwani kwa watoto hakuna burudani kama kumtazama fundi akipiga hendeli. Betri ilikufa siku nyingi, au injini haikuja na stata tangu mwanzo.

Hali hiyo ni ya kawaida katika vijiji vya Shinyanga na Geita. Injini ya dizeli ya silinda moja inasaga unga, inavuta maji, inalima majaruba ya mpunga ikifungwa kwenye pawatila, na huko machimboni inazungusha karasha za kusagia mawe ya dhahabu. Wazazi wengi huogopa mkanda wake, na wana haki, maana khanga ikinaswa pale mtu huvutwa nayo. Wachache ndio huogopa ile dakika ya kuiwasha.

Injini ikizungushwa polepole, mafuta yanaweza kulipuka kabla pistoni haijavuka kilele. Hapo hendeli hurudi nyuma kwa kishindo na kumpiga aliyeishika. Wakati mwingine injini inawaka vizuri lakini hendeli inagoma kuchomoka, inazunguka nayo, kisha inaruka. Haichagui aliyesimama karibu.

Madaktari wanalifahamu jeraha hili tangu enzi za magari ya kwanza. Mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, karibu na kiganja, ukivunjika kwa namna fulani, kwa Kiingereza huitwa mvunjiko wa dereva, kwa sababu madereva wa wakati huo waliupata kwa hendeli. Stata ya umeme iliyotengenezwa na Charles Kettering iliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912.

Hata ndege ndogo ikigomewa na stata, injini yake inaweza kuwashwa kwa kuzungusha pangaboi la mbele kwa mkono. Ila wenye kazi hiyo wana masharti: breki zimefungwa, magurudumu yamewekewa vizuizi, mtu anayejua kazi yuko ndani, na pangaboi huhesabiwa kuwa linaweza kuwaka muda wowote hata kama swichi imezimwa. Mashineni kwetu masharti hayo hayapo. Mara nyingine mtoto ndiye anayeambiwa, “Nikisema sasa, angusha hiki,” akielekezwa kwenye kile kidude cha juu ya injini kinachoachia mgandamizo. Anajiona fundi, kumbe uso wake uko jirani kabisa na hendeli.

Mzazi, mweleze mwanao kabla hujamtuma: mashine isipokuwa imewaka, asubiri nje, mbali na mlango, mpaka asikie mlio umetulia. Akiombwa kusaidia akatae, na wewe ukamwambie fundi hivyo, kwa heshima lakini bila kuficha. Kwa wanaoishi jirani na karasha hakuna mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu uchimbaji madini, na kazi za mahali penye mashine, kuwa kazi hatarishi zisizomfaa mtoto.

Mkono ukishapigwa, tabia yetu ni kuukanda kwa maji ya moto na kuuchua. Usifanye hivyo, wala usijaribu kuunyoosha. Vua bangili au saa kabla mkono haujavimba. Kata boksi gumu, ulaze mkono juu yake kama ulivyo, ufunge bila kukaza, kisha uuning’inize shingoni kwa khanga. Mpeleke kwenye kituo chenye eksirei siku hiyohiyo, hata kama vidole vinacheza, kwani vidole kucheza si uthibitisho kwamba mfupa ni mzima. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, au mfupa umetokeza nje, hiyo ni dharura, usisubiri gari la asubuhi. Na ukifika, mtaje muuguzi hendeli. Usiseme tu kwamba mtoto alianguka.