Uwanja wa Hagadera Uingie Kwenye Ramani

Toleo hili linahusu viwanja vikongwe vya michezo na watu wanaovipenda. Msomaji atakutana na Mogadishu, Kasarani na hata Boston. Tumeanza na Hagadera, kwenye uwanja wa mchanga usio na jukwaa wala ukuta, kwa sababu ndio unaoweza kutoweka katika miaka michache ijayo, na kwa sababu tunaamini unastahili heshima ileile.

Kambi ya wakimbizi ya Hagadera, nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992, baada ya Ifo. Pamoja na Dagahaley, kambi hizo tatu za Dadaab zilipangwa kupokea watu 90,000. Ilipofika mwaka 2011, ukame na vita vya Somalia vilikuwa vimefikisha idadi zaidi ya 450,000. Kambi zilipoanza, wataalamu walichora vitalu, visima, zahanati na ghala za chakula. Mpira haukuwangoja. Vijana walisafisha miiba wenyewe, wakasimamisha milingoti, wakaanza kucheza. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1992 sasa amepita arobaini, na wanawe wamekulia kwenye mchanga uleule.

Mechi huanza baada ya swala ya alasiri, jua likishapungua ukali. Majira ya hagaa, kuanzia katikati ya mwaka, upepo huvuma kutwa nzima na kuinua vumbi jekundu, hivyo nahodha aliyeshinda shilingi hachelewi kuamua: anachagua upande ambao upepo utakuwa mgongoni mwake, apate mabao mapema, maana kipindi cha pili kinaweza kukatwa na adhana ya magharibi. Ukipiga mpira wa juu dhidi ya upepo huo unaweza kukurudia mwenyewe. Ndiyo maana wachezaji wa huku hupenda pasi fupi fupi, mpira chini, mguu kwa mguu. Goli halina wavu. Watazamaji wachache husimama nyuma ya kila goli, na hao ndio mashahidi: shuti likipita karibu na mlingoti, refa huwageukia wao kwanza. Nimemwona mzee mmoja mwenye ndevu za hina akiulizwa kama mpira umeingia. Akatikisa kichwa, bao la vijana wa kitalu chake mwenyewe likakataliwa, na mchezo ukaendelea bila ubishi. Nimekaa kwenye viwanja vikubwa vya nchi hii na sijaona mtazamaji akiaminiwa hivyo.

Ili kuelewa thamani ya uwanja kama huu, lazima tukumbuke viwanja vimewafanyia nini watu wa ukanda huu. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, wanajeshi walichoma mtaa wa Bulla Kartasi, na wakazi wa mji wakakusanywa kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakazuiliwa hapo kwa siku tatu bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, watu walikamatwa kwa maelfu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na kwingineko, na wengi wakapelekwa Kasarani, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ili wakaguliwe vitambulisho. Ng'ambo ya mpaka, Uwanja wa Mogadishu, uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, uligeuzwa ngome ya Al-Shabaab hadi Agosti 2011, kisha ukawa kituo cha majeshi ya Umoja wa Afrika. Ulifunguliwa tena kwa soka Juni 2020. Wazazi waliokimbilia Hagadera waliuacha ukiwa wao na wakasikia kwenye redio ukipita mikononi mwa watu wenye bunduki.

Kwa mtu aliyepitia historia hiyo, nafasi tupu ambapo watu mia kadhaa wanaweza kusimama pamoja bila kupangwa foleni ni kitu kikubwa mno. Kambini karibu kila kitu kina foleni: maji, unga, karatasi za usajili. Mpirani mtu husimama anapotaka.

Na mchezo uliofundishwa kwenye mchanga wa Dadaab umefika mbali. Kuanzia mwaka 2001 familia za Kisomali zilianza kuhamia Lewiston, mji wa viwanda vya zamani katika jimbo la Maine, Marekani. Baadaye waliwafuata Wasomali Wabantu, ambao wengi wao walikuwa wameishi Dadaab kabla ya kuhamishiwa kambi ya Kakuma mwaka 2002 ili kusubiri safari. Novemba 2015 timu ya wavulana ya Shule ya Sekondari ya Lewiston, chini ya kocha Mike McGraw, iliifunga Scarborough 1-0 na kuchukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Wengi wa wachezaji wake walipitia kambi za Kenya, na walipojipa moyo kabla ya mechi walipaza sauti kwa Kiswahili: pamoja ndugu!

Maine ni nchi ya mashabiki wa Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, na hapa ndipo tunapoomba wanaopanga ramani ya Hagadera watazame. Uwanja wa timu hiyo, Fenway Park, ulifunguliwa Aprili 1912. Una umbo la ajabu: mtaa uko karibu mno upande wa kushoto, kwa hiyo pamewekwa ukuta wa kijani wa mita 11 hivi, na wachezaji wa vizazi vyote wamelazimika kujifunza jinsi mpira unavyodunda ukutani. Mwaka 1999 wamiliki walitaka kujenga uwanja mpya. Mashabiki na majirani walipinga, na mwaka 2005 wamiliki waliofuata wakatangaza kwamba timu inabaki palepale. Kasoro zile zile zilizotajwa kama sababu ya kuuhama ndizo zilizowafanya watu wakatae kuuacha. Upepo wa Hagadera na goli lisilo na wavu tunavitazama kwa jicho hilohilo.

Kwa miaka mingi kuzungumzia ramani ya Hagadera kulionekana ni kupoteza muda. Mei 2016 serikali ilitangaza kwamba itafunga Dadaab. Mahakama Kuu ikazuia Februari 2017, tangazo likarudi tena Machi 2021. Nani angetenga uwanja mahali panapongoja kufungwa? Sasa hali imebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imeanza kutumika, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzifanya kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja. Makazi yakipimwa, ardhi hupata bei. Ardhi ikipata bei, nafasi tupu huwa ya kwanza kuliwa, na sote tumeona viwanja vya shule vilivyomegwa katika miji ya Kenya.

Kuna wanaosema: mgao wa chakula ulipunguzwa sana mwaka huohuo wa 2025, nanyi mnazungumzia mpira? Njaa ile ni ya kweli na fedha zirudishwe. Lakini uwanja huu hauombi shilingi kutoka kwenye mfuko wa unga. Unaomba tu usijengwe.

Tunapendekeza wapima ardhi wauweke kwenye mchoro kama uwanja wa matumizi ya wote kabla ya kugawa ploti yoyote ya kando yake. Hati isiwe ya shirika la misaada, kwa kuwa mashirika huja na kuondoka. Ardhi ya Hagadera ni ya jamii ya wenyeji wa eneo la Fafi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatoa njia ya kuisajili, hivyo wazee wa Fafi na viongozi wa vitalu wakae pamoja waandikishe matumizi yake. Wasichana nao, ambao kwa sasa wengi hucheza tu penye uzio, watengewe sehemu yao yenye uzio papo hapo na si kwenye kona itakayosalia. Mikutano ya kupanga mipaka ndiyo mahali pa kulisema hili, kabla mawe ya mpaka hayajasimikwa.