Faini ya barabarani Marekani: ukilipa hujamaliza

Kuna imani moja iliyoenea miongoni mwa ndugu zetu wanaoishi Marekani, na sisi tuliopo huku tunaisaidia kuenea kila tunapozungumza nao kwa simu. Imani yenyewe ni kwamba faini ya mwendo wa kasi uliyopewa katika jimbo usiloishi haina uzito. Unalipa yakaisha, au unaitupa karatasi, kisha unarudi zako nyumbani. Nionavyo mimi, imani hiyo ni ya hatari, na wanaoumia si madereva peke yao.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya trafiki wa Marekani yanatuhusu nini sisi wa Bujumbura, Rumonge au Makamba? Yanatuhusu sana. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi ambao familia zao zilikimbia mauaji ya 1972 na ambao walikuwa wakiishi kambini Tanzania. Baadhi yao nilisoma nao huko uhamishoni. Leo wengi wanaishi katika miji ambayo bila gari mtu hafiki kazini, na wapo waliofanya udereva wa malori kuwa ndiyo kazi yenyewe. Katika darasa ninalofundisha wamo watoto ambao sare na madaftari yao hutoka kwenye mshahara wa dereva aliyeko ng'ambo. Leseni ya dereva huyo ikisimamishwa, mtoto wa huku ndiye atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo hutoa leseni zake na kuweka kumbukumbu za madereva wake. Lakini tangu miaka ya 1960 upo mkataba kati ya majimbo, ambao majimbo mengi yamejiunga nao, wa kupeana taarifa za makosa ya barabarani. Msingi wake ni kwamba dereva mmoja awe na leseni moja na kumbukumbu moja. Mkazi wa jimbo hili akipatikana na hatia katika jimbo lile, taarifa hutumwa kwenye jimbo lililompa leseni. Hata jimbo lisilo katika mkataba halifumbi macho. Michigan, kwa mfano, haimo, lakini huandika makosa ambayo wakazi wake wamehukumiwa kwingineko.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ile karatasi anayokupa askari ni wito wa kujibu shtaka. Ukilipa kiasi kilichoandikwa bila kupinga, kwa kawaida umekubali kosa, na kukubali huko ndiko kunakosafiri hadi jimbo lako. Kwa hiyo risiti uliyoiweka mfukoni kwa furaha, ukidhani imefunga kesi, ndiyo iliyomaliza nafasi yako ya kujitetea.

Baada ya hapo kila jimbo lina utaratibu wake. New Jersey humwandikia mkazi wake pointi 2 kwa kosa la mwendo alilolifanya jimbo jingine, na dereva akifikisha pointi 12 au zaidi leseni husimamishwa. New York haiweki pointi kwa makosa ya kawaida ya mwendo yaliyofanyika nje, isipokuwa yale ya mikoa ya Ontario na Quebec nchini Kanada. California huyahesabu makosa ya nje kama yaliyofanyika kwake. Ndiyo maana ushauri wa binamu anayeishi jimbo jingine, hata akiwa ameishi huko miaka 15, unaweza kumpoteza mtu. Yeye anasema ukweli wa jimbo lake, nawe unaishi chini ya sheria nyingine.

Sasa tuje kwenye bima, maana huko ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Watu wengi huogopa pointi za serikali na kusahau kwamba kampuni ya bima ina hesabu yake yenyewe. Inapofika wakati wa kuhuisha bima, kampuni hutazama kumbukumbu za dereva, mara nyingi kwa miaka 3 iliyopita na wakati mwingine 5. Kosa likiwa limeandikwa, hata kama halina pointi, kampuni inaweza kupandisha malipo. Faini hulipwa siku moja, lakini ongezeko la bima hulipwa kila mwezi kwa miaka.

Chukua mfano wa California. Sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1988 inawapa madereva wema punguzo la bima lisilopungua asilimia 20. Sharti mojawapo ni kutokuwa na zaidi ya pointi 1 katika miaka 3. Mtu mwenye pointi 1 tayari, akaenda Nevada kusalimia jamaa, akakamatwa kwa mwendo na kulipa faini kimya kimya, hupata pointi ya pili na punguzo lote huondoka. Mtu huyo atasema bima wamemwonea, kumbe ni ile safari.

Kwa madereva wa malori hali ni ngumu zaidi. Chini ya kanuni za serikali ya shirikisho, kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa, yaani kama kilometa 24, ni kosa kubwa kwa anayeendesha gari la biashara. Makosa makubwa mawili ndani ya miaka 3 humwondoa barabarani kwa siku 60, na matatu kwa siku 120. Hayahesabiwi kwa jimbo, kwa hiyo moja la Ohio na moja la Texas ni mawili. Tena dereva huyo anatakiwa kumwarifu mwajiri wake ndani ya siku 30 tangu apatikane na hatia. Njia ambayo dereva wa gari dogo huweza kuruhusiwa na mahakama, ya kuhudhuria mafunzo ili kosa lisiandikwe, mwenye leseni ya malori hanayo. Siku 60 bila mshahara, jamani, si jambo la kuchekea.

Wapo wanaochagua njia ya kunyamaza. Hao ndio hujitafutia makubwa kuliko wote. Mkataba mwingine wa majimbo, ulioanza mwaka 1977, unahusu hasa mgeni anayeondoka bila kujibu. Jimbo alikokosea hulijulisha jimbo lake, nalo husimamisha leseni mpaka atakapomaliza kesi. Barua ya kumwarifu hupelekwa kwenye anwani iliyoko kwenye kumbukumbu, na ndugu zetu huhamahama. Mtu anaendelea kuendesha bila kujua kwamba leseni yake imekufa. Akisimamishwa kwa taa mbovu tu, anakutwa na kosa ambalo katika majimbo mengi ni jinai, na bima nayo hupanda maradufu.

Haki inadai niseme pia kwamba si kila karatasi ina uzito huo. Faini za kamera katika Jiji la New York, ambazo ni dola 50 na hupelekwa kwa mwenye gari, hazina pointi na sheria inakataza zitumike kupandishia bima. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma: je, hii ni ya kamera au ni ya askari?

Ushauri wangu kwao ni mfupi. Kabla ya kulipa, uliza mahakama iliyotajwa kwenye karatasi kama kuna mafunzo au njia ya kupunguziwa kosa. Uliza ofisi ya leseni ya jimbo lako kosa hilo litaandikwaje. Usipitishe tarehe ya kujibu. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili au Kirundi. Mahakama zinazopokea fedha za shirikisho zinatakiwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuhakikisha mtu anaelewa kinachoendelea. Na ukihama, badilisha anwani kwenye leseni. Zaidi ya yote, punguza mwendo, maana mwenye haraka hafiki mapema kuliko mwenye leseni.

Kwetu sisi, mazoea ni mengine. Dereva anayetoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam kupitia Kobero hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza 1987, ambayo hugharamia madhara atakayowasababishia watu wengine akiwa nje ya nchi. Kadi hiyo huivusha bima mpaka, lakini haivushi historia ya dereva. Tumezoea kwamba faini ya ugenini huishia ugenini, na mtu anaposafiri kwenda kuishi Marekani hubeba mazoea hayo pamoja na mizigo yake.

Sisi tuliosoma uhamishoni tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Tuliporudi, kitu cha kwanza tulichoulizwa kilikuwa karatasi: cheti kiko wapi, kimetolewa na nani, kinalingana na kipi cha hapa. Tulijifunza kwamba karatasi iliyoandikwa upande mmoja wa mpaka huweza kuamua riziki upande wa pili. Basi jamaa wa Marekani akikupigia simu akikwambia amekamatwa jimbo la mbali, usimwambie "lipa yaishe". Mwambie aisome kwanza.