Usimsikilize kukhu kwa spidi ya mbili

Wasee, kuna kitu WhatsApp walituwekea mwaka wa 2021 ambacho wengi wetu hatujawahi kukizima. Ukitumiwa ujumbe wa sauti, unabonyeza pale kando, na mtu anaanza kuongea kama mtangazaji wa mpira dakika ya 90. Moja na nusu. Mbili. Yangu ilikuwa imekwama kwa mbili. Kwangu kila mtu alikuwa na haraka: mamangu, kiongozi wa darasa, hata yule jamaa aliyekuwa ananidai pesa ya bando.

Na kukhu pia.

Kukhu ni nyanya, kwa wale hamtoki huku kwetu. Wangu anakaa upande wa Kiminini, kabla ufike Kitale. Simu kubwa si yake, ni ya binamu yangu, lakini jioni binamu humshikia pale pa kurekodi naye anaongea. Na kukhu akiongea, anaongea. Anaanza na mulembe, anauliza kama nimekula, kama mvua imenyesha Kibabii, kama yule rafiki yangu mrefu alipona. Kisha habari za ng'ombe wa jirani. Hajawahi kunitumia ujumbe wa chini ya dakika 5.

Mwezi wa tano alinituma mmoja wa dakika 6 na sekunde 40. Nilikuwa hosteli nikihariri video, earphone sikio moja, spidi ya mbili. Nikasikia mulembe, nikasikia mahindi yamefika magotini, nikasikia viwavi wameingia shamba la jirani. Nikajua hii ni stori ya kawaida. Nikamtumia dole gumba, nikaendelea na kazi.

Jumatano ya wiki iliyofuata, jioni, binamu akanipigia. "Kwani ulikuwa wapi?"

Kumbe mwisho wa ule ujumbe kukhu alikuwa ameniomba kitu. Alikuwa na siku ya kliniki ya macho Kitale, na hawezi kuvuka barabara peke yake tena. Alitaka nije Jumanne nilale, asubuhi twende pamoja. Binamu alipomwonyesha dole langu, akauliza hiyo ni nini. Akaambiwa, "Amekubali." Jumanne akanipikia. Nilipokosa kufika, akasema labda gari limenichelewesha, nitashukia barabarani asubuhi. Jumatano akakaa steji kuanzia saa moja mpaka saa sita, amevaa viatu vya kanisa, ananingoja. Kisha akarudi nyumbani. Hakulalamika. Binamu anasema alivua viatu tu akaenda kuangalia kuku.

Usiku huo nilirudia ule ujumbe kwa spidi ya kawaida. Kuna sehemu, kabla ya kuniomba, amenyamaza. Jogoo analia, mtu anafunga mlango kwa mbali, na yeye kimya. Nilihesabu sekunde 11. Kwa spidi ya mbili hizo ni sekunde 5 na kidogo, ungedhani ni mtandao umekwama. Kwa spidi ya kawaida unasikia mama mzee anajiuliza kama ataniudhi. Halafu anasema, kwa sauti ya chini, "Kama una nafasi lakini."

Hiyo "lakini" imenikaa mpaka leo.

Sasa, swali ambalo nilijiuliza, na ambalo nawauliza nyinyi pia: zile dakika 3 na sekunde 20 nilizookoa nilizipeleka wapi? Sikufanya nazo kazi. Nakumbuka vizuri, video ilikuwa inapakia, nikashika simu nikaanza kuskroli. Niliona jamaa wa Brazil akimwogesha paka. Nilimkimbiza nyanya yangu ili nipate nafasi ya paka.

Kliniki ikampa siku nyingine mwezi wa saba. Hiyo sikukosa. Nilifika jana yake, na asubuhi tukatoka nyumbani kwenda steji. Mimi peke yangu ni dakika 10. Na kukhu ilikuwa karibu saa nzima. Dakika za kwanza, nawaambia ukweli, niliumia. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda. Nilikuwa natangulia hatua tano, nasimama, nageuka, kama mbwa anayepelekwa matembezi. Kisha akanishika mkono, si kwa mapenzi, ni ili nisimwache, na tukaenda mwendo wake.

Njiani akanionyesha mti ambao chini yake kuka alikuwa anapumzika alipokuwa kibarua kwenye shamba la mzungu. Sijawahi kujua kuka alikuwa kibarua. Miaka 21 nimepita hapo kwa pikipiki.

Tulipofika kwa mahindi, nikamuuliza kwa nini ya kwetu hukaa sana. Akanicheka. Huku Kitale watu hupanda mbegu za kukaa, kama H614. Unaitia ardhini mvua ikianza, Machi au Aprili, na unavuna Oktoba au Novemba. Kule Ukambani mvua ni fupi, kwa hivyo kuna Katumani, ambayo huiva kwa miezi 3 au 4 hivi. Inaokoa watu, lakini mavuno yake hayafikii haya ya kwetu. Kukhu hakusema Katumani ni mbaya. Alisema kila udongo una mbegu yake, na mtu akipanda ya haraka mahali pa mvua ndefu, amejiibia mwenyewe.

Nimelifikiria hilo sana, kwa sababu mkisoma posti kama hii mnangoja niwaambie mzime simu, mkae chini ya mti, mpumue. Hapana. Kuna mambo ya Katumani. Kutuma pesa, kulipa boda, kusoma notisi za shule zenye kurasa nne za bure: kimbiza, spidi ya mbili, hata ya tatu ikija. Shida yangu ni kwamba nilikuwa nimeanza kupanda Katumani shamba lote. Watu pia.

Na wazee wetu walijua tofauti. Angalia sikhebo. Agosti 2024, msimu wa kutahiri, binamu yangu mwingine alikuwa na simu nzuri kuliko yangu. Angeweza kufungua kikundi cha ukoo na kualika watu wote kwa sekunde. Lakini alivaa shanga, akashika njuga zake za chinyimba, akatembea boma moja baada ya jingine akizipiga, jasho likimtoka. Khocha, ndugu ya mama, haalikwi kwa ujumbe. Unaenda, anakuona. Ukimtumia dole gumba khocha, utajua hujui.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: "Bro, kodi haingoji." Ni kweli. Rafiki yangu wa boda hapa steji ya Kibabii akipunguza mwendo wa siku, watoto wanalala njaa, na mimi sina mdomo wa kumhubiria (mwendo wa pikipiki ni kesi nyingine, huo apunguze). Hii habari ya kuishi polepole mara nyingi huuzwa na watu walio na akiba benki. Lakini mimi siku ile sikuwa natafuta kodi. Na nikiangalia simu yangu kila Jumapili inaponionyesha nimeikodolea masaa mangapi kwa siku, sioni mtu aliyekosa dakika 6 za nyanya yake. Wewe angalia yako kwanza, kisha tuongee.

Macho ya kukhu wanayashughulikia. Moja lina mtoto wa jicho, siku ya upasuaji ameshapewa, na nimeiandika kwa karatasi ukutani, si kwa simu. Nitaenda siku mbili mapema.

Jana jioni ametuma ujumbe mwingine. Dakika 8 na sekunde 12, rekodi mpya. Nimetoka nje ya hosteli kwa sababu ndani kuna kelele, nimeweka moja, nimekaa kwa ngazi. Dakika ya tatu imepita na bado anauliza habari za yule rafiki yangu mrefu.