Laini ya pesa isiwe laini ya tovuti
Ukisajili domeini ya biashara yako, utaulizwa jina, barua pepe na namba ya simu. Wengi huandika laini ileile ya pesa. Sisi tunasema, usifanye hivyo. Ni kweli tangu Mei 2018 maelezo ya wengi wenye .com hufichwa, lakini rekodi za zamani zilishanakiliwa na kuwekwa kwingine. Kuficha leo hakufuti nakala ya jana. Na ukiibandika namba kwenye tovuti yenyewe, Google itaiokota tu. Tapeli wa “nimekutumia pesa kimakosa” akikuita kwa majina yako mawili na kutaja biashara yako, hata mjanja hulegea. Tafuta laini nyingine ya tovuti. Wateja walipe kwa Till. Na kabla hujalipia domeini, muulize muuzaji: maelezo yangu yataonwa na nani?